Vijiti vya mtini vimeshatoa majani ndani ya nyumba, nivihamishe lini?

Shangani_Bustani
Habari wakuu. Nina vijiti sita vya mtini (tini za kuliwa, si mkuyu). Vimechomekwa kwenye chupa za maji za lita 1.5 zilizokatwa shingo, ndani kuna makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na mchanga, nusu kwa nusu. Vipo sebuleni hapa Mtwara mjini, namwagilia kila asubuhi. Leo siku ya 19. Vinne vina majani mawili matatu, kimoja jicho (chipukizi la jani) bado limefumba, kimoja kimekuwa cheusi chini na kinabonyea. Naambiwa majani yakitoka ni kuhamishia kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa kukuzia miche). Ni kweli?

MicheMikindani
Mkuu, usihamishe. Majani ya mwanzo yanatoka kwa chakula kilichokuwa ndani ya kijiti. Hata kisicho na mzizi hata mmoja kinachanua vizuri tu, halafu kinanyauka ghafla. Angalia mizizi, na ndiyo faida ya chupa inayoonyesha. Izungushie gazeti au mfuko mweusi, maana mizizi haipendi mwanga, ufungue mara moja kwa wiki kuchungulia. Mzizi mpya ni mweupe pe na unakatika kama tambi mbichi. Ngoja uwe na rangi ya chai ya maziwa, utoe matawi madogo, na uonekane pande zote za chupa. Kwa joto letu ni kama wiki 5 hadi 7 tangu kuchomeka, ila amini macho kuliko kalenda.

Hicho cheusi kitupe leo pamoja na makumbi yake. Kimeoza kwa maji. Kumwagilia kila asubuhi ndani ya nyumba ni kwingi mno, na kama hukutoboa chupa chini, umetengeneza kisima. Toboa matundu 6 kwa msumari wa moto. Kisha kamua makumbi kiganjani: yashikane bila kudondosha tone. Yakidondosha, usiguse maji siku tatu.

Kwa mara nyingine, chukua tawi lililokomaa, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, lenye macho 3 au 4. Kata chini kidogo ya jicho, acha utomvu ukauke siku nzima kivulini, ndipo uchomeke. Na usikipindue juu chini, wengi wanakosea hapo.

Nyangao_Shamba
Naongezea. Kama makumbi yalifukiwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba, yana chumvi. Yaloweke na kuyasuuza kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) mara tatu. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi nayo achana nayo.

Udongo wa kiriba usichote palipokuwa na nyanya, bamia au biringanya. Minyoo fundo (vijiminyoo vya udongoni vinavyotia mizizi vinundu) wanaupenda sana mtini, na kwenye mchanga wetu huu wanastawi. Ukiona mizizi ina vinundu, mche huo hauna faida.

Shangani_Bustani
Asanteni. Chupa zimetobolewa. Viwili vina nyuzi nyeupe upande mmoja, ila majani yanalegea mchana. Niongeze maji?

MicheMikindani
Hapana, mizizi haijatosha kuyalisha. Punguza majani, bakiza moja, na kifunike kwa mfuko mweupe unaoonyesha, ukiufungua dakika chache kila siku.

Siku ya kuhamisha usivute kijiti. Pasua chupa kwa kisu ubavuni, utoe donge zima. Weka kwenye kopo la lita 3 au 4, si ndoo ya 20, kwa sababu udongo usiofikiwa na mizizi unabaki tope. Mchanganyiko: udongo wa juu sehemu 2, mchanga 1, samadi iliyooza 1. Mbolea ya dukani usitie mpaka majani mapya yafunguke. Baki nacho ndani siku 5, kisha nje kivulini, ndipo jua la saa 1 hadi 3 asubuhi. Majani yaliyokulia sebuleni yanaungua kwa jua la mchana la siku moja tu.