Mafundi wa projekta Mwanza, acheni kutuuzia taa kabla ya kupima mashine

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naamini wenzangu wenye mikanda ya zamani ya familia watanielewa. Nilipeleka projekta yangu ya Super 8, yaani ya mikanda midogo ya filamu ya milimita 8, kwa fundi mmoja maeneo ya Makoroboi kwa sababu taa ilikuwa ikififia, ikirudi, kisha ikizimika kabisa, ingawa mota na feni vilikuwa vikizunguka vizuri. Fundi hakufungua hata kifuniko cha nyuma. Alichomoa taa ya zamani, akaniuzia nyingine kwa bei ya kuumiza, akaiwasha kwa dakika chache na kutangaza kwamba kazi imekwisha. Taa hiyo iliungua usiku uleule, na niliporudi dukani nikajibiwa kwamba taa haina dhamana.

Taa aliyoniwekea ni ya volti 12 na wati 100, ilhali ubavuni mwa mashine yangu pameandikwa wazi volti 15 na wati 150. Taa hizo mbili, ambazo kwenye maboksi huandikwa EFP na EFR, zina kioo cha kuakisi chenye upana uleule wa milimita 50 na miguu inayoingia kwenye soketi ileile, kwa hiyo hakuna kinachomzuia mtu kuchomeka isiyostahili. Ya volti 12 ikipewa volti 15 hutoa mwanga mweupe mkali unaompendeza mteja akiwa bado dukani, lakini uzi wake wa tangsteni hupata joto kupita kiasi na kukatika mapema. Hata ongezeko la asilimia 5 tu la volti hupunguza uhai wa taa ya aina hii karibu kwa nusu, na ikumbukwe kwamba taa hizi, hata zikitumiwa ipasavyo, zimekusudiwa kudumu takriban saa 50.

Zaidi ya hayo, aliingiza kidole ndani ya kioo cha kuakisi na kufuta vumbi kwenye kichupa cha halojeni, yaani kile kidogo chenye uzi wa taa ndani yake. Mafuta ya ngozi yakipata joto huacha doa linalodhoofisha kichupa mahali hapo. Kitambaa safi kingetosha!

Nilipofungua mashine mwenyewe ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Vishikio vya soketi vilikuwa vimeliwa na kutu na kuwa vyeusi, na kauri yake ilikuwa imepasuka kwa joto. Taa ya wati 150 kwa volti 15 huvuta ampea 10, na kwa mkondo mkubwa namna hiyo ukinzani (kizuizi cha umeme kupita) wa omu 0.1 tu kwenye kishikio kilichochakaa hupoteza volti 1 na kuzalisha wati 10 za joto papo hapo, joto ambalo nalo huzidi kukiharibu kishikio. Hiyo ndiyo sababu taa ilikuwa ikififia na kurudi. Kwa unyevu huu wa ziwa, mashine iliyokaa stoo miaka mingi Kirumba au Capri Point ilipaswa kukaguliwa soketi kabla ya kitu kingine chochote.

Kupima hakuhitaji vifaa vya ajabu. Mita ya kawaida ya fundi umeme inaonyesha kama uzi wa taa umekatika. Ukiwa mzima, mtu apime volti kwenye soketi taa ikiwa imewaka, kwa maana bila taa mita inaweza kuonyesha volti za kutosha hata kama vishikio vimeoza. Kisha aangalie kiteuzi cha volti, yaani swichi ya kuchagua volti za umeme unaoingia kwenye mashine, kwa sababu umeme wetu ni wa volti 230 na mashine iliyowekwa kwenye 220 huilisha taa kupita kiasi.

Nadai kurudishiwa fedha zangu, na fundi huyo akiusoma uzi huu ajue kwamba taa iliyoungua na boksi lake bado ninavyo. Kwa wengine, naomba anayemfahamu fundi anayebadilisha soketi za kauri, iwe Igoma, Nyakato au hata ng'ambo ya Kamanga, anielekeze duka lake lilipo.