Tupeane uzoefu: paka wako alipozalia nyumbani, ulimsaidiaje?

Section 58, Nakuru
Wapendwa, hamjambo. Chausiku wangu ana mimba. Nikihesabu tangu usiku ule alipotoroka na shume wa jirani, leo ni siku ya 61. Paka hubeba mimba wiki tisa hivi, siku 63 hadi 67, kwa hiyo wiki hii silali.

Uzazi wake wa kwanza, Julai mwaka jana, ulinifunza kwa machozi. Alizaa usiku nyuma ya kabati, juu ya sakafu tupu ya saruji, na baridi ya Nakuru ya Julai mnaijua. Asubuhi nilikuta watoto wanne, watatu wamekufa. Sikujua kwamba mtoto wa paka akizaliwa hawezi hata kutetemeka ili apate joto. Akitengana na mama anapoa, na akishapoa hana nguvu ya kunyonya. Yule wa nne nilimweka kifuani ndani ya sweta hadi akaanza kulia, nikamrudisha kwa mamake. Yuko juu ya friji hapa ninapoandika.

Naomba kila aliyewahi kukesha na paka anayezaa atusimulie. Nataka yaliyokupata wewe mwenyewe.

Kondele, Kisumu
Pole sana dada. Wangu nilimjua siku imefika alipokataa omena, na huyo hajawahi kukataa omena tangu azaliwe. Alikuwa ananifuata kila mahali akilia. Nikienda msalani, yuko mlangoni. Ndipo nikaelewa kwamba anataka nikae. Katoni niliyomwandalia hakuitaka mpaka nilipoisukuma chini ya kitanda, gizani, na kutandika leso niliyokuwa nimeivaa siku nzima. Akaingia mara moja na kuanza kuhema mdomo wazi.

Wa kwanza alitoka vizuri. Wa pili alitanguliza mkia na miguu ya nyuma, nikaogopa sana, kumbe hutokea mara nyingi tu kwa paka. Alisukuma mara mbili, mtoto huyo nje. Kitu kilichonisaidia ni kuhesabu kondo la nyuma, maana kila mtoto huja na lake na mama hulila haraka kabla hujaona. Nilikuwa naweka punje moja ya mahindi dirishani kwa kila kondo. Watoto watatu, punje mbili. Sikuzima taa mpaka la tatu likatoka, kwa sababu likibaki ndani linaweza kuoza na kumwua.

Molo
Dada wa Section 58, huku kwetu ni baridi kuliko kwako. Usishawishike kuingiza jiko la makaa chumbani. Hewa yake yenye sumu itawamaliza wao na wewe. Tia maji ya moto kwenye chupa, ifunge ndani ya sweta kuukuu, iweke pembe moja ya katoni. Upande wa pili uachwe bila joto ili wakisikia moto wasogee.

Kakamega
Sisi adui wetu ni siafu. Nyumbani kwa kukhu, yaani nyanya yetu, ni karibu na msitu, na paka alizaa kwenye ghala wakati wa mvua za Aprili. Kukhu alipoona tu akasema watoto wasilale chini. Tulipandisha katoni lenye kuta ndefu juu ya meza, kila mguu wa meza tukausimamisha ndani ya kopo la maji yenye parafini kidogo, na meza tukaivuta mbali na ukuta. Usiku wa pili siafu walipita, msafara mnene kama kamba ya ng'ombe. Kuku wawili waliokuwa wakiatamia walikufa. Watoto wa paka hawakuguswa hata mmoja.

Bungoma
Hii naiandika kwa uchungu. Paka wangu alisukuma saa mbili nzima bila mtoto kutoka, na majimaji ya kijani yakaanza kumtoka. Nikamwita muuzaji wa duka la dawa za mifugo. Alikuja na sindano ya kuongeza uchungu, akamdunga bila hata kumpapasa tumbo. Kumbe mtoto alikuwa amekwama, shingo imepinda. Sindano ile hubana kizazi kwa nguvu, na kama njia imezibwa kizazi kinaweza kupasuka. Chake kilipasuka. Tulipomfikisha kwa daktari alikuwa ameshachelewa. Alikuwa na miaka mitatu, na kila jioni alinisubiri langoni.

Nawasihi. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au akitoa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, ita boda umpeleke kwa daktari wa wanyama aliyesomea kazi hiyo, usiku huo huo. Namba yake itafute leo.

Njoro
Pole sana wa Bungoma. Wangu ulikuwa uzazi wa kwanza, akamwacha mtoto ndani ya utando akawa anamtazama tu. Nilisubiri kidogo kisha nikaupasua kwa vidole, nikaanzia puani, nikamfuta mdomo, nikamsugua mgongo kwa taulo kavu bila kuacha. Mzee mmoja akasema nimzungushe kichwa kikiwa chini. Nilikataa, na baadaye daktari akaniambia nilifanya vyema kwa kuwa kunaweza kumwumiza ubongo. Alipofungua mdomo na kulia, mama akaamka kama aliyekumbushwa, akaanza kumlamba. Kitovu nilikifunga kwa uzi niliouchemsha, upana wa vidole viwili kutoka tumboni, nikakata upande wa nje.

Nyalenda, Kisumu
La haraka: msiwape maziwa ya ng'ombe. Wangu waliharisha. Kinachowafaa ni dang'a ya mama, yaani maziwa yake ya kwanza, tena siku ile ile ya kwanza, kwa sababu ndani yake mna kinga.

Section 58, Nakuru
Asanteni. Siku ya 64, saa nane usiku, Chausiku amezaa watano. Nilifuata yenu yote: chini ya kitanda, leso yangu, chupa ndani ya sweta, punje tano dirishani. Mapumziko kati ya wa tatu na wa nne yalikuwa ya saa nzima na nilikuwa nimeshashika simu, lakini alikuwa ametulia, ananyonyesha, hasukumi, nikangoja. Wa mwisho ni mdogo mno, wenzake wanamsukuma. Nimekuwa nikimshikia chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, na kumpima kwa mizani ya jikoni. Jana alikuwa gramu 78. Leo asubuhi ni 84.