Injini ya dizeli ya zamani huishiwa nguvu mlimani

Swali: Ndugu mafundi, gari langu la zamani lenye pampu ya dizeli ya kimakanika na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) huwaka vizuri asubuhi, lakini likipanda mlima kwa muda huishiwa nguvu, na nikilizima kwa dakika 10 nguvu hurudi. Filta ya dizeli ni mpya. Nianzie wapi?

Jibu: Pampu iache kwanza, maana hulaumiwa mno. Moshi ni wa rangi gani nguvu inapopungua? Ukiwa mweusi, dizeli imezidi hewa. Kagua filta ya hewa na mipira ya tabo, ambayo mara nyingi hupasuka upande wa chini usioonekana.

Muulizaji: Hakuna moshi kabisa.

Jibu: Basi huenda injini inakosa dizeli. Kwa kuwa nguvu hurudi baada ya kuzima, ninashuku uchafu wa tangi unaovutwa hadi kwenye chujio la bomba la kunyonya, kisha huanguka mvuto unapokoma. Ili kuhakikisha, chovya mipira ya kunyonya na kurudisha dizeli katika dumu la dizeli safi, lililofungwa imara mbali na eksozi, kisha panda mlima uleule. Nguvu isipopungua, osha tangi.

Jibu jingine: Nakubaliana, ila kabla ya kazi hiyo fungua mfuniko wa tangi gari linapochoka: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, tundu la kupumulia, linaloingiza hewa tangini dizeli inapopungua, limeziba.

Muulizaji: Nimeufungua leo, na hewa ilivuma kweli. Ninaanza na tundu hilo.