Mrejesho: Lubuntu kwenye kompyuta ya RAM ya GB 2

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza iwapo kompyuta yangu kuukuu, yenye RAM ya GB 2, ingemudu mfumo endeshi mwepesi wa Linux kwa kazi za kila siku. Nilifuata ushauri wa kuijaribu Lubuntu, mojawapo ya Linux hizo nyepesi, kutoka kwenye flashi kabla ya kuisakinisha, kisha nikawasha zram, ambayo hubana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuihamishia kwenye diski iliyo polepole. Barua na majedwali naandika kwa LibreOffice bila kukwama. Kivinjari ndicho kinachoelemea bado: nikifungua kurasa sita, kishale huganda kwa sekunde kadhaa. Printa inachapa vizuri, ila skana yake haitambuliki hadi leo.