Mteja anataka nisaini kuwa Linux haitaleta kesi ya hakimiliki. Nisaini au niachie zabuni?

Fundi_Foleni (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri wa haraka, mkataba unatakiwa urudi Ijumaa.

Tuko vijana watatu hapa Mwanza. Tunatengeneza visanduku vya foleni vya zahanati na hospitali: mgonjwa anabonyeza, kinatoka kikaratasi cha namba, kisha namba inatangazwa kwa Kiswahili na kuonekana kwenye TV. Ndani kuna kompyuta ndogo yenye mfumo endeshi wa Linux tulioupunguza, BusyBox (mkusanyiko wa programu ndogondogo za Linux), na juu yake programu yetu wenyewe. Sasa tumepata mteja wa maana, hospitali binafsi zenye matawi. Anataka visanduku 30.

Mwanasheria wao ameleta kifungu hiki: "Mzabuni anathibitisha kuwa programu zote zilizomo ni mali yake, na atalipa hasara na gharama zote bila kikomo endapo mtu yeyote atadai hakimiliki." Nikamwambia Linux si mali yetu, ni programu huria. Akajibu kuwa amesoma habari za kampuni ya Marekani iliyoishtaki IBM mabilioni ya dola kwa sababu ya hiyohiyo Linux, na ikawatumia barua hata watumiaji wa kawaida. Kwa hiyo tusaini, au tuhamie mfumo endeshi wa kulipia.

Hiyo kesi ipo kweli? Iliishaje? Na hiki kifungu kinasainika?

---

Chapa_Ilale

Saini mkuu. Wakija kutoka Marekani waambie washuke Nyegezi wapande daladala, mkutane ofisini. Kwanza una nini cha kufilisiwa?

---

Fundi_Foleni

Pikipiki, na kiwanja alichoniachia mzee. Hicho kiwanja ndicho kinachoninyima usingizi.

---

MzeeWaSeva

Kijana, kesi ipo, na mimi niliifuatilia tangu siku za kwanza kwa sababu wakati huo seva zote kazini kwetu zilikuwa za Linux na bosi alishaanza kutuangalia vibaya. Ngoja nikupe kisa chote, maana mwanasheria wako amesoma ukurasa wa kwanza akafunga kitabu.

Machi 2003 kampuni ya SCO Group ya Utah iliishtaki IBM ikidai dola bilioni 1, na dai likaendelea kupanda hadi likafika bilioni 5. Hoja yao: sisi ndio wenye Unix (mfumo endeshi wa zamani ambao Linux iliundwa kwa kufuata mfano wake), na IBM imechukua siri na misimbo ya Unix, yaani maandishi ya programu, ikaitia ndani ya Linux. Mei mwaka huohuo wakatuma barua kwa kampuni kubwa zipatazo 1,500 duniani, kwamba ukitumia Linux unaweza kubeba dhima. Kisha Agosti wakaanza kuuza "leseni" ya kutumia Linux, dola 699 kwa kila prosesa moja. Kumbuka hao SCO Group ndio waliokuwa wakiitwa Caldera, na wao wenyewe walikuwa wakigawa Linux kwa leseni ya GPL, leseni huria inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuibadili na kuigawa!

Agosti hiyohiyo walionyesha ushahidi kwenye mkutano wao Las Vegas, sehemu ya mistari imefichwa kwa herufi za Kigiriki ili watu wasiisome. Picha zikavuja, Bruce Perens, mtetezi wa programu huria, na wenzake wakazifumbua upesi. Mfano mmoja ulikuwa msimbo uliotoka Unix ya miaka ya 1970, ambayo Caldera yenyewe ilikuwa imeiachia kwa leseni huria mwaka 2002. Mwingine ulitokana na BSD, aina ya Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo leseni yake inaruhusu kila mtu kuutumia.

Mahakamani waliambiwa wataje: toleo gani, faili gani, mstari upi. Sehemu kubwa ya madai yao walishindwa kuyaonyesha hivyo. Mwaka 2006 Hakimu Brooke Wells aliandika kwamba mtu akisimamishwa akitoka dukani na kutuhumiwa wizi, anategemea hatimaye aambiwe ameiba nini. Akayatupa mengi.

Lakini kilichowamaliza hakikuwa msimbo. Kilikuwa karatasi. Kampuni ya programu ya Novell ilinunua Unix kutoka AT&T mwaka 1993. Mwaka 1995 ikaiuzia biashara hiyo kampuni ya Santa Cruz Operation, na huko ndiko SCO Group walikorithi. Sasa ule mkataba una jedwali la vitu *visivyouzwa*, na humo imeandikwa: hakimiliki zote na alama zote za biashara, isipokuwa majina UNIX na UnixWare. Yaani SCO waliishtaki dunia kwa kitu ambacho muuzaji alikuwa amebaki nacho! Palikuwa na marekebisho ya 1996 yenye maneno ya kuchanganya, ndiyo maana walibishana miaka mingi. Agosti 2007 Jaji Dale Kimball akasema hakimiliki ni za Novell. Mwezi uliofuata SCO wakaomba ulinzi wa kufilisika. Mahakama ya rufaa ikarudisha suala hilo kwa baraza la wazee wa mahakama, nalo Machi 2010 likasema yaleyale: Novell.

Mabaki ya kesi dhidi ya IBM yalimalizwa kwa makubaliano mwaka 2021, dola milioni 14.25. Kutoka bilioni 5. Miaka 18.

---

Simba_wa_Kitaa

Mzee unaandika kama umelipwa na IBM. Mleta uzi, hamia Windows ulale. Ukilipia leseni, kesi ni ya muuzaji.

---

MzeeWaSeva

Soma leseni unayoibonyeza "nakubali" mkuu. Hata hao wanaweka kikomo cha watakacholipa. Halafu visanduku 30 mara bei ya leseni, na kompyuta yake hiyo ndogo inaweza isiibebe.

---

Wakili_wa_Baraza

Mleta uzi, nakujibu kwa jumla tu. Mkataba wako sijauona, kwa hiyo mtafute wakili awasome nyote wawili, wewe na huo mkataba.

Kifungu hicho usikisaini kilivyo, na kosa lake la kwanza halihusu hata IBM. Kinakutaka uthibitishe kuwa programu *zote* ni mali yako. Si kweli, na umeshawaambia. Ukisaini umetoa thibitisho la uongo siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajadai chochote.

Hilo la "bila kikomo", hebu tazama wakubwa walivyofanya. Wateja wa HP walipopata hofu hiihii mwaka 2003, kampuni ilitangaza itawakinga na SCO, lakini kwa masharti: umenunua Linux yako kwao, na hujaugusa msimbo. Ukiuhariri, kinga imekwisha. Kampuni ya ukubwa ule iliweka mipaka, wewe mwenye pikipiki unaweka saini bila mpaka?

Wapelekee mapendekezo haya. Moja, gawa programu katika makundi mawili: ile mliyoandika nyinyi, na ile ya watu wengine yenye leseni zake zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho. Thibitisho la umiliki liwe la kundi la kwanza tu. Mbili, fidia isizidi thamani ya mkataba. Tatu, likija dai, mpewe taarifa mapema na nafasi ya kuibadilisha au kuiondoa sehemu inayolalamikiwa kabla ya kulipa senti. Wanasheria wengi wa wateja huanza na kifungu kikali wakitegemea utajadili.

Na kuhusu barua kwa watumiaji, mwambie aangalie ni nani hasa walioshtakiwa. Machi 2004 SCO iliwashtaki AutoZone, wauza vipuri vya magari, na DaimlerChrysler, watengeneza magari. AutoZone alikuwa mteja wao wa zamani aliyehamia Linux. DaimlerChrysler alikuwa na leseni ya zamani ya Unix, wakamdai tamko kwamba anaifuata. Jaji wa Michigan aliyatupa karibu madai yote dhidi yake Julai mwaka huohuo. Waliofikishwa mahakamani ni watu waliokuwa na mkataba nao. Hospitali yako haina mkataba na mtu wa Utah.

---

Binti_wa_Tudor

Hamjambo. Niko Mombasa, nafanya kazi ya vifaa vya mtandao. Ndugu yangu Fundi, mnatazama mlango wa mbele na mwizi yuko jikoni.

SCO wamekwisha. Watu ambao huwashtaki wauzaji wa vifaa ni waandishi wa programu huria wenyewe, na huwashtaki wale wanaouza kifaa bila kutimiza leseni. Umetaja BusyBox? Basi hiyo ndiyo programu iliyozaa kesi ya kwanza ya GPL Marekani, mwaka 2007, dhidi ya Monsoon Multimedia. Iliisha kwa makubaliano baada ya muda mfupi. Desemba 2009 wakashtakiwa 14 kwa mpigo, Samsung na Best Buy wakiwemo. Mmoja wao, Westinghouse Digital, aliacha kujitetea. Mwaka 2010 mahakama ya New York ikamwamuru alipe fidia ya dola 90,000 na gharama za mawakili, na akabidhi televisheni alizobaki nazo. Ujerumani ilitangulia: 2004 mahakama ya Munich ilimzuia Sitecom kuuza ruta zake hadi atimize GPL, kwa ombi la Harald Welte, mmoja wa waandishi wa netfilter, sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano ya mtandao.

Dawa yake ni rahisi kuliko hata kujibu baruapepe ya huyo mwanasheria. GPL toleo la 2 inakutaka, unapomkabidhi mtu kifaa, umpe nakala ya leseni, na msimbo chanzo uleule uliotumika, au ahadi ya maandishi inayodumu angalau miaka 3 kwamba yeyote akiuomba atapewa kwa gharama ya kunakili tu. Weka flashi ndani ya kila boksi yenye msimbo wa kerneli (kiini cha Linux), BusyBox, viraka vyenu, yaani mabadiliko mliyofanya, na hati za kujengea. Mimi huchapisha ahadi hiyo kwenye karatasi moja nikaiweka chini ya chaja, watu wanadhani ni garantii. Ukikaidi, leseni inakatika yenyewe na kuanzia hapo unauza kazi ya mtu bila ruhusa.

Programu yenu ya kutangaza namba, kama inasimama peke yake juu ya Linux, hailazimiki kutolewa. Ila nina swali. Printa mnaiendeshaje, na nani aliandika?

---

Fundi_Foleni

Asante dada, na wewe wakili, na mzee wangu. Printa ni ya bei poa, haikuwa na draiva inayokubali kwenye ubao wetu. Aliandika jamaa mmoja wa Dar, tukamlipa kwa awamu mbili kwa simu. Inaendeshwa kama programu ya kawaida, haimo ndani ya kerneli. Siku hizi ameajiriwa kwenye kampuni nyingine ya vifaa. Mkataba wa maandishi haukuwepo, tulielewana kwenye WhatsApp.

---

Binti_wa_Tudor

Ndilo nililokuwa nalitafuta. Alikuwa ameshaajiriwa huko alipoiandika?

---

Fundi_Foleni

Hapana, aliajiriwa baada ya kumaliza yetu. Meseji zina tarehe.

---

Wakili_wa_Baraza

Zihifadhi hizo meseji na risiti za malipo, leo. Kisha mwandikiane hati ya kuhamisha hakimiliki ya draiva. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wewe uko Tanzania, una Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, usijitegemeze kwenye ya jirani wala kwenye "tulielewana". Hati itaje faili zenyewe kwa majina, iseme waziwazi kuwa hakimiliki inahama, na iseme kwamba hakuchukua msimbo wa mwajiri wala wa mtu mwingine. Novell na SCO walibishana miaka kwa sababu ya maneno machache kwenye jedwali.

---

MzeeWaSeva

Hapo kwa "hakuchukua msimbo wa mtu", ndivyo kerneli yenyewe inavyofanya. Tangu 2004, baada ya kelele za SCO, kila anayeleta badiliko kwenye Linux anaweka jina na baruapepe yake chini, akithibitisha ana haki ya kulitoa. Nyinyi mko watatu tu, anzeni sasa.

---

Fundi_Foleni

Mrejesho. Mwanasheria wao amekubali makundi mawili na kiambatisho. Kwenye kikomo anataka mara mbili ya thamani ya mkataba, tunavutana. Jamaa wa draiva naye yuko tayari kusaini, ila ana sharti: jina lake libaki juu ya faili kama mwandishi. Na anauliza kama tuandike tarehe ya kipindi kile alipomaliza kazi, ili mwajiri wake mpya asije akaleta maneno.

---

Wakili_wa_Baraza

Jina mwachieni, ni haki yake na halikupunguzii umiliki wowote. Tarehe iwe ya siku mnayosaini kweli, msiirudishe nyuma. Ndani ya hati andikeni kwamba inahusu kazi iliyokamilika kipindi kile, na mwambatishe zile meseji.

---

Chapa_Ilale

Kiwanja kipo upande gani mkuu, kama unauza?