Mtoto yuko P4 (praimari darasa la nne) hajui kusoma neno "pen", na ripoti inasema English 78!!!

Wazazi wenzangu habari zenu. Leo nimeshindwa kunyamaza. Mimi ni fundi cherehani hapa Busia upande wa Uganda, binti yangu yuko P4 shule ya private, na tangu bebi klasi sijawahi kuchelewesha fizi hata muhula mmoja, kuna wakati nilikopa kwenye chama cha akina mama nikalipa shule kwanza ndio nikafikiria chakula. Rimu za karatasi napeleka, mifagio napeleka, tishu, sukari, sabuni ya vyoo, kila kitu kilichoandikwa kwenye ile karatasi ya mahitaji. Halafu likizo hii ya Agosti ndio nakuja kugundua mtoto hajui kusoma. Sio kwamba anasoma polepole. HAJUI.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nakata kitambaa cheusi cha sketi, yeye amekaa chini na kitabu chake cha Kiingereza ananisomea kwa sauti, nikawa nasikia raha kweli, "The hen is in the house, the hen is on the pot", anatiririka tu. Nikageuka nimwangalie. Macho yako kwenye picha, kidole kiko mstari mwingine kabisa! Nikachukua kipande cha kitambaa nikafunika picha nikamwambia haya soma tena mama, akaanza "The hen..." akakwama. Nikachukua chaki yangu ya fundi nikaandika pale pale kwenye kitambaa cheusi: pen. Akaniambia "pi, ii, eni". Nikamwambia ndio, sasa linasomeka vipi? Akanyamaza, akaangalia mlango, akasema "pencil". Nikaandika hen. "Echi, ii, eni... house?" Jamani niliweka mkasi chini nikashindwa hata kuongea.

Mtoto anaangalia herufi ya kwanza halafu anabahatisha. Miaka mitatu ya nasari na minne ya praimari amefundishwa kubahatisha.

Na mnielewe vizuri hapa maana ndio kiini cha hasira yangu. Huyu mtoto majina ya herufi anayajua yote 26, anayaimba vizuri mno, ei bi sii dii. Lakini "pi-ii-eni" hata ukiyataja haraka vipi hayawezi kuungana yakawa "pen"! Mtoto anatakiwa afundishwe SAUTI, hii inalia p, hii e, hii n, halafu aziunganishe polepole mpaka neno lije lenyewe mdomoni. Ndio hiyo wanaita foniksi, sio siri, walimu wanaisomea chuoni, wanaanza na s a t p i n kwa sababu hizo chache tu tayari zinakupa sat, pin, tap, tin. Na Kiingereza ndio kinahitaji hiyo kazi zaidi kuliko lugha zetu, kwa sababu kina sauti kama 44 kwa herufi 26, c ya cat sio c ya city, usipomjengea mtoto msingi atakariri neno moja moja kama picha mpaka kichwa kijae.

Shule ilipofungua nikaenda. Nilisalimia vizuri, nikatoa kitabu, nikaeleza. Mwalimu wa klasi akanijibu, "Madamu, tatizo ni nyumbani, unamwongelesha Kiswahili ndio maana Kiingereza hakishiki." MIMI ndio tatizo!! Hedimasta yuko hapo anatikisa kichwa kukubali. Akaongeza kwamba atasoma tu akifika P5, na kuna kochingi ya Jumamosi nikilipia atasaidika. Yaani mlichoshindwa kufundisha Jumatatu hadi Ijumaa niwalipe tena mkifundishe Jumamosi?

Na hiyo habari ya Kiswahili inaniuma kwa sababu pale shuleni mtoto akiteleza akaongea Kiswahili au Kisamia au Luganda anavalishwa disiki shingoni, kibao kimefungwa kamba, anatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Binti yangu alishinda nacho siku nzima muhula wa kwanza na hakuniambia, niliambiwa na mtoto wa jirani. Mtoto anaaibishwa kwa lugha ya mama yake, na hicho Kiingereza wanachomwaibishia hawajamfundisha kukisoma!

Sasa niwaambie nilichofanya likizo nzima. Kiswahili chetu kinasomeka kama kinavyoandikwa, nikaanza na ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, kwenye vipande vya kitambaa na chaki, dakika ishirini asubuhi kabla wateja hawajaja na ishirini jioni. Mimi sio mwalimu, niliishia S2, sekondari darasa la pili. Wiki ya kwanza akasoma mama, meza, kuku. Wiki ya tatu akasoma mwenyewe bila picha "Baba ameleta samaki wawili", akarudia mara ya pili akacheka, kwa sababu alisikia maana yake! Hapo ndio nikarudi kwenye Kiingereza kwa njia ile ile ya sauti, na "pen" akaisoma, na "hen", na "ten" ambayo sikuwahi kumwonyesha. Kiswahili ndicho kilichomfungulia mlango, halafu mtu mwenye cheti cha ualimu ananiambia kinamharibu.

Serikali yenyewe inalijua hili. Tangu 2007 mtaala unasema P1 mpaka P3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, Kiingereza kiwe somo, P4 ndio wavuke, P5 kwenda juu Kiingereza. Kwenye makaratasi ni mpango mzuri. Lakini hizi private nyingi hazitaki hata kusikia, kwa sababu sisi wazazi wenyewe tunataka mtoto wa topu klasi, ile ya mwisho ya nasari, asimame na joho la graduation aseme "You are most welcome our dear parents" tupige makofi. Binti yangu aliisema hiyo hotuba, mimi nililia kwa furaha, nina picha ukutani. Alikuwa ameikariri yote. Na shule za UPE, zile za serikali za elimu ya bure, nazo nisiwadanganye, mtoto wa dada yangu yuko huko, wamejaa zaidi ya mia klasi moja, na hapa mjini Busia huyu Msamia, huyu Mteso, huyu Mganda, huyu mama yake Mkenya, kwa hiyo wanaambiwa mji umechanganyika basi tumieni Kiingereza, tunarudi pale pale.

Na zile 78 zinatoka wapi? Nimepekua madaftari yote. Mwandiko mzuri, tiki nyekundu kila ukurasa. Nikamuuliza hii uliijibuje, ananiambia tulinakili koreksheni ubaoni. Mtihani wenyewe wa kununua, maswali ya "andika wingi wa child", wamekaririshwa wiki nzima kabla. Sawa, lakini PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza P7, inakuja, na karatasi ya Kiingereza ukifika swali la 51 unapewa stori usome mwenyewe ujibu, sekshoni ya pili inayoanzia hapo ni nusu ya maksi zote, na Sayansi na SST (masomo ya jamii) na Hesabu nazo zimeandikwa Kiingereza hicho hicho. Hapo nani atamwandikia koreksheni ubaoni?

Simchukii yule mwalimu, ana watoto 68 na mshahara najua haumtoshi. Ila asinidanganye. Angeniambia tangu P1 kwamba mama mtoto hajui kuunganisha sauti, ningekaa naye kitambo.

Wenzangu wa Busia, Malaba, Tororo, Mbale na kwingineko, leo usiku chukueni kitabu cha mtoto, fungueni ukurasa wowote, FUNIKENI PICHA, mwambieni asome. Halafu andikeni hapa klasi gani na ilikuwaje, msitaje shule. Mkutano wa wazazi ni Ijumaa saa nne, mimi naenda na kile kitambaa cheusi na chaki, na nataka tukiingia tuwe zaidi ya mmoja.