Wageni wa wiki mbili Mombasa: kuhara ni kawaida kiasi gani?

Binti_Kibokoni:
Assalamu aleikum jamani. Napangisha vyumba kwa wageni hapa Mji wa Kale. Msimu huu karibu kila kundi likishakaa siku mbili tatu, mmoja wao hatoki chooni. Jana bibi mmoja Mjerumani kaniuliza, kwa upole tu, kama maji yangu ni salama. Nahofia ataandika mtandaoni kuwa nyumba yangu chafu. Maji ya kunywa nachemsha, mahamri na mbaazi za asubuhi napika mwenyewe. Walioko kwenye utalii niambieni: tatizo ni mimi, au ndiyo hali yao wakija huku?

Mpishi_Mstaafu:
Waaleikum salaam mwanangu. Nimesimama kwenye majiko ya hoteli za pwani mpaka magoti yakagoma, basi sikiliza. Si wewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watalii waliokuwa wakiondoka uwanja wa ndege wa Moi walipewa fomu za kujaza, na vilevile wale wa Goa kule India, Montego Bay ya Jamaika na Fortaleza ya Brazili. Ukihesabu kwa wiki mbili za kukaa, wa Mombasa walioharisha walizidi nusu. Nusu! Montego Bay hata robo hawakufika. Na wageni wa miaka ile wengi wao walikuwa wa hoteli za ufuoni, si wa vibanda.

Mara nyingi ni bakteria, hasa zile E. koli zinazotoa sumu tumboni. Sisi tumekutana nazo tangu tukitambaa, mwili umeshazizoea. Mgeni ndiyo kwanza anajuana nazo.

Na kwa macho yangu, pa kuogopa ni bafe. Wali umetolewa saa sita, saa tisa bado uko pale juu ya kimoto kisichounguza hata kidole. Matango yamekatwa tangu asubuhi. Mgeni anakimbia viazi karai vya barabarani, vilivyotoka sasa hivi kwenye mafuta yanayochemka, kisha anajaza sahani saladi! Kiazi chenyewe hakina neno. Uliza ule ukwaju wa kuchovyea umekorogwa kwa maji gani. Dafu likikatwa mbele yako ukanywa humohumo, sawa. Sharubati yenye barafu, hapo sina dhamana.

Sasa wewe. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe, una matundu, na visima vyetu vimepakana na vyoo vya shimo. Mfereji ukikauka sote twajua tunakimbilia wapi. Kunywa umechemsha, vizuri. Je, mswaki wanapigia maji gani? Kachumbari unaosha kwa yapi?

Dereva_wa_Van:
Shikamoo mzee. Wangu nikiwatoa Fort Jesus lazima wapite Markiti, na pale ni embe la pilipili lililokwisha kumenywa. Barabara ya Voi tunasimama kila kituo cha mafuta. Niwe natembea na dawa ya kufunga tumbo?

Duka_la_Dawa_Mtwapa:
Kaka, tembea na ORS kwanza, zile pakiti za chumvi na sukari za kukorogea maji. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe na kilima. Loperamidi, hiyo dawa ya kufunga tumbo, humsaidia mtu mzima aliye safarini, lakini si mtoto mdogo, wala mwenye homa kali au damu kwenye choo. Hao ni wa daktari. Antibiotiki usiwagawie kama peremende. Wengi hupona wenyewe ndani ya wiki. Anayetoa choo kama maji ya mchele, tena kwa wingi, usingoje kupambazuke: kipindupindu hakisubiri.

Binti_Kibokoni:
Ahsanteni. Ya mswaki ni ya tangi la juu, na tangi hujazwa na boza, boza lenyewe sijui limeteka wapi. Leo naweka jagi la maji yaliyochemshwa kila bafu. Mjerumani leo kaamka na nafuu, anauliza mbaazi.

Mpishi_Mstaafu:
Mpe, mradi zitoke motoni. Jagi liwe na kifuniko, na bilauri yake usiisuuzie mferejini.